USILIPE hizo pauni 190! Tiketi za Globe, London: yaliyonikuta na mama yangu

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema unakuja London mwezi wa saba na bimkubwa, unataka kujua historia ya Globe, ule ukumbi wa michezo ya kuigiza ya Shakespeare, na kwamba umeona tovuti inauza tiketi zake mbili kwa pauni 190, "zimebaki 2 tu". Usilipe. Hata kama kadi iko mkononi, irudishe kwenye pochi kwanza.

Mwaka 2018 nilimleta mama yangu kutoka Tanga. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, amefundisha Mabepari wa Venisi, ule mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, mpaka kurasa za kitabu chake zikaachana. Ombi lake lilikuwa moja tu: akauone ukumbi wa Shakespeare. Nikaingia mtandaoni, nikabonyeza tovuti ya juu kabisa, ile yenye neno dogo "tangazo" pembeni. Picha ya ukumbi ipo, jina la ukumbi lipo, na saa inahesabu dakika zilizobaki. Nikalipa pauni 164 kwa tiketi mbili za "mbele kabisa, karibu na jukwaa".

Tulipofika mlangoni, binti anayekagua tiketi akatuelekeza uani, ile sehemu isiyo na paa mbele ya jukwaa, watu wanasimama chini ya mawingu. Hakuna kiti. Nikamwonyesha karatasi, akaweka kidole kwenye kona ya chini: pauni 5. Kila moja. Cha pauni 10 nimekinunua kwa 164! Na pale uani mchezo ukiendelea hairuhusiwi kukaa chini, wala kufungua mwamvuli, maana unawaziba walio nyuma. Mvua ikinyesha, mchezo hausimami.

Mama alikuwa na miaka 67 na goti bovu. Alishika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili kama mtu aliyesimama kwenye daladala. Mvua ikaanza, kitenge kikamgandia, akawa anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Mapumziko yalipofika akaniambia taratibu, "Mwanangu, twende, nimeshaona." Hajaona! Nusu nzima ilikuwa bado. Pesa nimeshazisamehe. Hiyo "nimeshaona" bado inaniuma.

Hao walanguzi niliwaandikia mara nne, jibu lilelile: masharti uliyakubali. Na jamaa yangu mmoja hapa mjini, miaka mingi Uingereza, ndiye aliyeniambia tiketi ni tiketi, popote ni sawa. Si sawa! Tiketi ya Globe inunue kwa Globe wenyewe: tovuti yao, simu yao, au dirisha lao la tiketi pale pale ukumbini, mtaa wa Bankside. Ukiwa kwao unaiona ramani ya viti, bei ya kila kiti, na kiti kinachozibwa na nguzo kimeandikwa hivyo. Zikiwa zimekwisha, endelea kuchungulia hapo hapo kwao, watu hurudisha.

Historia kwa kifupi. Jengo utakaloliona si lile la Shakespeare. La kwanza lilijengwa 1599 kwa mbao za ukumbi mwingine wa kaskazini ya mto Thames. Mwenye kiwanja alikuwa anawasumbua waigizaji, wakaubomoa Desemba 1598, na mbao zake zikavushwa mto. Mwaka 1613 mzinga uliopigwa katikati ya mchezo ukawasha paa la nyasi, ukumbi ukateketea. Inasimuliwa kuwa mtu mmoja suruali yake ilishika moto, akazimwa kwa bia. Ukajengwa tena 1614, ukafungwa 1642 michezo ilipopigwa marufuku. Huu wa leo ni juhudi za mwigizaji Mmarekani, Sam Wanamaker: alifika London 1949, akakuta kibao tu kwenye ukuta wa kiwanda cha bia. Alifariki 1993, ukumbi ukafunguliwa 1997. Na 2012 kundi kutoka Kenya lilicheza Shakespeare kwa Kiswahili juu ya jukwaa hilo hilo. Nilipomwambia mama hilo, alinyamaza kwanza, kisha akaniomba nirudie.

Enzi za Shakespeare kusimama uani kulikuwa peni moja. Ni mahali pa mtu wa kawaida tangu mwanzo, na bado pako hivyo kwa mwenye miguu mizima. Halafu mtu anakuja kupauza pauni 82!

Kwa bimkubwa tafuta roshani ya chini, ngazi ni chache, safu ya nyuma ambako kuna ukuta wa kuegemea. Mabenchi ni ya mbao, mkodishie na mto wa kukalia. Ingia kwenye tovuti yao sasa hivi, na kabla hujalipa nitumie hapa namba ya safu na viti, nikuangalizie nguzo.