Nina bipola: nimwambie nani, na nimwambie nini?

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamke mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Nililazwa, nikaanzishiwa lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, na sasa nimetulia. Mchumba wangu hajui, na kazini wanadhani nilikuwa safarini. Nimechoka kuficha vidonge, ila naogopa nikisema, kila nitakapokasirika nitaambiwa ugonjwa umenipanda. Nimwambie nani, na nimwambie nini?

JIBU: Dada yangu, kwa kila mtu jiulize: akijua, atanisaidia kufanya nini? Ukijiuliza hivyo, wa kwanza si mchumba wala bosi, ni mfamasia na kila daktari anayekutibu, hata wa meno. Kiwango cha lithiamu kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru. Wagonjwa wengi hulenga kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita ya damu, ikizidi 1.5, dalili za sumu hutarajiwa: kutapika, kuharisha, kutetemeka sana, kuyumba. Ibuprofeni, diklofenaki na baadhi ya dawa za presha hukipandisha kiwango hicho. Kwa hiyo hata ukienda kutafuta dawa ya maumivu tu, taja lithiamu.

Mchumba anastahili kujua kabla ya ndoa. Usianze na jina la ugonjwa, kwa sababu huenda tayari ana picha yake kichwani. Anza na yanayokupata: "Kuna vipindi nalala kwa muda wa saa mbili tu na sichoki, naongea mfululizo, natumia pesa ovyo. Kuna vingine kutoka kitandani kunanishinda. Huitwa bipola, na natumia dawa." Atauliza kuhusu watoto, na ana haki. Mwambie ukweli: hatari kwa mtoto huongezeka, lakini watoto wengi wa wazazi wenye bipola hawaugui. Mimba nayo ipangwe mapema na daktari wako. Tafadhali usiache lithiamu ghafla kwa hofu ya ujauzito. Kuiacha hivyo huweza kuurudisha ugonjwa kwa kasi.

Sasa hofu yako ya hasira. Naijua, na haina dawa ya kumeza. Ina makubaliano, na yafanyike sasa ukiwa mzima. Mweleze kwamba hasira yenye sababu, inayopita, ni hasira kama ya mtu yeyote. Cha kuangaliwa ni usingizi: ukipungua siku kadhaa mfululizo bila wewe kuhisi uchovu, huku maneno na mipango vikiongezeka, hapo aseme. Andikeni dalili zako mwenyewe, maana hazifanani na za mwingine. Andikeni pia anachoruhusiwa kufanya: kumpigia daktari wako, kukaa na kadi yako ya benki hadi utulie. Na asichoruhusiwa: kukuuliza "umemeza dawa?" katikati ya ugomvi. Nalisisitiza hili la mwisho, kwa sababu swali hilo hukunyima nafasi ya kulalamika kama mtu mzima ndani ya nyumba yako.

Kazini, omba unachohitaji bila kutaja maradhi. Kukesha kunaweza kuamsha kipindi cha mania, yaani kile cha kutolala na kuongea mfululizo, hivyo kama kuna zamu za usiku, daktari aandike kwamba kwa sababu za kiafya usipangiwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unakataza ubaguzi kazini na unagusa pia maradhi ya akili ya muda mrefu, ila soma sheria ya nchi yako kabla ya kufunguka. Iwapo kazi yako hudai tamko la afya, kama urubani, usidanganye kwenye fomu. Wenzako wa kawaida wanatosheka na "niliumwa, naendelea vizuri."

Usimweleze mchumba wako mkiwa mmetoka kugombana, wala usiku mmechoka. Akiomba muda wa kufikiri, mpe. Halafu mwalike aje nawe kliniki mara ijayo, ayaulize mbele ya daktari yale anayoona aibu kukuuliza wewe.