Mawe ya nyongo: yameongezeka, au tumeanza kuyaona?

Ndugu mwanzisha uzi, umeuliza iwapo mawe ya nyongo ni ugonjwa mpya, kwa kuwa dada zako wawili wamepasuliwa ndani ya mwaka mmoja ilhali bibi yenu hakuwahi hata kuusikia. Nilianza uuguzi katika wodi ya upasuaji miaka ya 1990, baadaye nikahamia chumba cha altrasaundi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Wakati ule mgonjwa wa mawe ya nyongo alikuwa nadra kiasi cha daktari kuwaita wanafunzi waje kumtazama, na mara nyingi alikuwa kijana mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe zake nyekundu za damu huvunjika mapema, bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na chembe zilizovunjika) ikazidi kwenye nyongo, na kidogo kidogo vikajengeka vijiwe vyeusi. Mama wa miaka 40, mnene, mwenye watoto wanne, akilalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia kila alapo vyakula vya mafuta, alipewa dawa za vidonda vya tumbo akarudi nyumbani. Leo huyo mama ndiye anayejaza orodha yetu ya upasuaji, na mawe yake kwa kawaida ni ya lehemu (kolesteroli), yenye rangi ya manjano.

Sehemu ya ongezeko hilo imeletwa na mashine. Tulipopata altrasaundi, tulianza kuyakuta mawe hata kwa watu waliokuja kupimwa figo, kwani takribani watu 8 kati ya 10 wenye mawe hawaumwi chochote. Bibi yenu huenda alizikwa nayo.

Hata hivyo, mashine haibadilishi aina ya mawe. Tazama Japani: kabla ya Vita Kuu ya Pili, mawe ya kahawia, yatokanayo na bakteria na minyoo kwenye mirija ya nyongo, yalikuwa mengi; baada ya vita, usafi ulipoimarika na mlo kuongezeka mafuta, yale ya lehemu yakashika nafasi, kwa watu walewale wa visiwa vilevile. Naamini miji yetu inapita njia hiyo, kwa unene na kazi za kukaa. Kupunguza uzito kwa pupa nako huyazalisha: ini humwaga lehemu nyingi, na kifuko cha nyongo, mlo usipokuwa na mafuta, hakijikamui.

(Wanaouziana humu mafuta ya mzeituni na limau ya “kutoa mawe” wajue kwamba vile vijidonge laini vya kijani vinavyotoka na choo baada ya kuyanywa, ambavyo nimeletewa chupani zaidi ya mara moja, ni sabuni iliyotengenezeka tumboni kutokana na mafuta hayohayo.)

Waulize dada zako mawe yao yalikuwa na rangi gani. Kama ni meusi, na hasa kama nyumbani kuna mtoto ambaye macho yake hugeuka manjano mara kwa mara, apimwe selimundu kabla hamjazilaumu chipsi.