Poti ya bata mzinga sauti imekufa, kabla hujabadilisha mbao soma hapa

Mkuu umesema umekereza poti ya kuitia bata mzinga, yaani kale kakopo ka mbao ka duara ambako mwindaji anakakwaruza kwa kijiti kuiga mlio wa jike, kwa mbao ya wolnati, sleti (lile bamba jembamba la jiwe) juu, kioo chini ndani, ukapiga gundi ya kutosha, na saivi ukikwaruza inatoa sauti butu kama mtu anakuna chini ya sufuria, ndo unauliza utafute mbao gani. Mbao yako haina kosa kabisa. Mi niko huku Missouri, Marekani, mwaka wa nane sasa na poti zangu tatu za mwanzo zote zilikufa hivohivo.

Kosa mara nyingi liko kwenye kile kioo cha chini. Kinatakiwa kiwe huru, manake chenyewe ndo kinarudisha sauti ya sleti na kuitoa kwenye yale matundu ya chini ya poti, kwa hiyo kikae juu ya kile kigingi kilichosimama katikati ndani ya poti kwa vitone vichache tu vya gundi, kisiguse ukuta wala kisiguse sleti. Mi nilikuwa namimina gundi chini yote nikijua naimarisha kumbe naiziba pumzi. Nafasi kati ya kioo na sleti naanzaga na milimita 6 hivi, halafu nashusha kigingi kwa msasa kidogokidogo, nafasi ikiongezeka sauti inazidi kuwa nzito. Na usigundishe sleti moja kwa moja, ishike kwanza na vitone vinne vya gundi ya moto pembeni, piga, sikiliza, ng'oa, rekebisha, piga tena, hata ikichukua wiki.

Unasikiliza nini? Jike la bata mzinga likiita mlio wake mmoja una sauti mbili ndani yake, unaanza juu, mwembamba, halafu unavunjika unashuka chini wenye mikwaruzo. Ule mvunjiko ndo kila kitu. Poti ikitoa sauti nzuri nyembamba isiyovunjika mi bado naihesabu haijaisha. Chora viduara vidogo na kijiti kati ya ukingo na katikati, ukienda ukingoni inapanda, ukirudi katikati inashuka, ukipata pale inapovunjika vizuri weka alama ya penseli kwenye mbao.

Sleti ikwaruze kwa msasa upande mmoja tu halafu piga kijiti ukikatisha ile mistari, na tafadhali usiishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanafanya kijiti kiteleze tu.

Halafu vijiti, tengeneza hata vitano. Poti moja ukiipiga na kijiti cha mbao ya hikori na ukiipiga na cha ile mbao ngumu yenye rangi ya zambarau unaweza kuapa ni poti mbili tofauti. Kijiti ukikifupisha sauti inapanda, ila kata milimita mbili mbili, ukishakata ndo basi.

Na ikishakubali, Aprili ukiingia nayo porini kuwinda kaa mgongo kwenye mti mpana kuliko mabega yako, manake poti iliyoiva inamdanganya hata mwindaji mwenzio, na wewe pia ukisikia jike analia usimnyatie, anaweza akawa mtu.

Kwa hiyo hiyo yako pitisha wembe pembeni taratibu, toa sleti, safisha gundi yote ya chini, kisha rekodi sauti uiweke hapa tuisikilize.