Shoo ya kwanza ya metalcore: usikilize nini, usimame wapi

Mdogo wangu, umeuliza kama uikariri albamu mpya ya Architects, bendi ya Uingereza ya metalcore (muziki mzito wa magitaa na makelele, mchanganyiko wa metal na punk), kabla ya shoo, na kama kule mbele utakanyagwa.

Isikilize hiyo ya 2025, lakini anza na Holy Hell ya 2018. Mpiga gitaa wao, Tom Searle, alifariki kwa saratani mwaka 2016, na pacha wake Dan, mpiga ngoma, akaendelea na bendi. Ukilijua hilo, yale makelele utayasikia kama kilio. Mimi zile nyimbo zilinitoa machozi ukumbini, katikati ya watu nisiowajua.

Kuhusu kukanyagwa: mara yangu ya kwanza kamba ya kiatu ilifunguka, nikaenda chini. Sijakaa sawa, mikono imeshanishika kwapani, nimesimamishwa. Ndiyo desturi ya mashabiki wa muziki huu, anayeanguka anainuliwa. Kamba zifunge mara mbili. Ukiona duara la watu wa kusukumana na kugongana linafunguka katikati ya umati na hutaki kuingia, rudi nyuma mapema, karibu na meza ya fundi sauti. Muziki husikika vizuri zaidi hapo. Na viziba masikio usivisahau, tafadhali. Mimi nilivipuuza, nikalala na mlio kichwani hadi asubuhi.