Mirija ya kulika: usianzie kwa mashine

Ndugu, umeuliza kama mirija ya kulika, yaani ya kunywea vinywaji kisha unaila, inaweza kuwa biashara hapa Nairobi. Inaweza, ila mashine isubiri kwanza. Anza na unga: mchele uliovunjika wa Mwea ni nafuu kuliko mzima, uchanganye na wanga wa muhogo ili ushikane. Unga wa ngano pia unafaa, lakini kuna watu gluteni (protini ya ngano) inawadhuru, kwa hiyo andika kwenye pakiti.

Kazi yenyewe iko kwenye kukausha. Ukiharakisha, mrija unapasuka au unapinda. Ukibaki na unyevu, ukungu unauingia ukiwa dukani. Kausha polepole, ndani, hewa ikizunguka (si juani kando ya barabara na vumbi lile la Kariobangi). Kisha ujaribu kwenye soda baridi na kwenye chai. Kwenye chai utalainika upesi, usiwadanganye wenye mikahawa.

Hiki ni chakula: leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wafanyakazi, alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya). Wateja watafute kwenye kambi na hoteli za mbugani, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku kwenye hifadhi. Wauza juisi wa mtaani watakukimbia ukitaja bei.