Kocha Anapoondoka: Niliyojifunza kwa Miaka 11 Katika Chumba cha Waandishi wa Habari

Kwa miaka 11 nilikuwa afisa habari wa klabu ya soka la kulipwa, na katika muda huo niliketi kando ya makocha wakuu wanne kwenye mikutano na waandishi wa habari, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wakaondoka. Watatu walifutwa kazi na mmoja aliomba mwenyewe kuachia ngazi. Makocha vijana wamekuwa wakiniuliza wafanye nini pindi wanapotofautiana na waandishi wa mji wanakofanyia kazi, na jibu langu huanzia mahali pamoja: anayeyasikiliza maneno yako kwa makini kuliko wote si mwandishi aliyeuliza swali, bali ni mchezaji wako, ambaye jioni hiyohiyo atayasikia kwenye simu yake akiwa kitandani. Kocha anayelisahau jambo hili hudhani anapigana na magazeti, kumbe anakipoteza kikosi chake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Antonio Conte, aliyekuwa kocha wa Tottenham ya Uingereza. Tarehe 18 Machi 2023, Tottenham walikuwa wakiongoza 3-1 ugenini kwa Southampton, wakasawazishiwa na kutoka sare ya 3-3. Conte alipoketi mbele ya waandishi aliwaita wachezaji wake wabinafsi, akasema haoni timu, na akadai kwamba mmiliki wa klabu amekaa miaka 20 bila kutwaa taji. Siku nane baadaye, tarehe 26 Machi, klabu ilitangaza kwamba ameondoka kwa makubaliano ya pande mbili. Waandishi hawakumfukuza, na wala siku ile hawakuwa wamemchokoza. Walichofanya ni kunyamaza na kumwacha aendelee. Nimeona mara nyingi kwamba swali la uchokozi si hatari kubwa kama ule ukimya wa chumba kizima wakati kocha mwenye hasira anaendelea kusema.

Kocha wa pili niliyefanya naye kazi, mtu mwadilifu na mwalimu hodari wa soka, aliingia katika mtego wa aina nyingine. Gazeti la mji lilichapisha kikosi chake cha kwanza asubuhi ya mchezo mkubwa, majina yote 11 yakiwa sahihi, na timu ikafungwa. Aliamini kwamba mwandishi yule aliivizia timu mazoezini, akaniagiza nimpige marufuku kuingia katika eneo la klabu. Nilitii, nikaandika barua mwenyewe na kuitia saini. Wiki sita baadaye tulibaini kwamba kikosi kilivujishwa na mmoja wa watu wa ndani ya uongozi, tena kwa nia ya kujionyesha tu kwamba anajua mambo. Marufuku ikaondolewa kimyakimya, bila neno la kuomba radhi, na kufikia hapo madhara yalikuwa yamekwisha kutokea: wenzake mwandishi yule walikuwa wameungana naye kwa kukataa kuuliza maswali kwenye mikutano miwili, na wachezaji, ambao baadhi yao walikuwa wakimfahamu mwandishi huyo tangu wakiwa timu ya vijana, walianza kujiuliza kama na wao wanashukiwa. Ushauri wangu juu ya hili ni thabiti: kabla ya kumfungia mlango mwandishi, chunguza kwanza nyumba yako, kwa sababu habari za kikosi kwa kawaida hutoka kwa mtu mwenye funguo. Na ukigundua kwamba ulikosea, mwombe radhi mbele ya watu walewale walioshuhudia adhabu yake.

Wapo watakaosema kwamba Alex Ferguson aligoma kuzungumza na BBC tangu mwaka 2004 hadi 2011, kutokana na kipindi cha televisheni kuhusu mwanawe, na bado aliendelea kushinda mataji. Ni kweli. Lakini Ferguson alipogoma alikuwa ameshaiongoza Manchester United kwa karibu miaka 18, alikuwa na uongozi uliomwamini kabisa, na wasaidizi wake, akiwemo Mike Phelan, walikuwa wakijitokeza mbele ya kamera hizo kwa niaba yake. Kocha mwenye mkataba wa miaka miwili na wachezaji alioachiwa na mtangulizi wake hana ngome ya namna hiyo. Watu pia hutaja Italia ya mwaka 1982, iliyonyamazia magazeti baada ya kutoka sare michezo yote mitatu ya kundi lake katika Kombe la Dunia, kisha ikazifunga Argentina, Brazili, Poland na hatimaye Ujerumani Magharibi kwa 3-1 katika fainali. Mfano huo naukubali zaidi, kwa sababu ukimya ule ulikuwa wa wachezaji wenyewe, waliopatana juu yake na kumwachia nahodha wao Dino Zoff jukumu la kuwasemea, huku kocha Enzo Bearzot akiwa upande wao. Uliwaunganisha. Ukimya wa kocha mmoja aliyekasirika huwaacha wachezaji wakijibu maswali ambayo yeye ameyakwepa.

Kuna suala la lugha, ambalo sijaona likipewa uzito unaostahili. Kocha wetu wa tatu alitoka nchi nyingine na alitegemea mkalimani. Baada ya kipigo kimoja alisema kwamba wachezaji wake walikosa nguvu. Mkalimani, ambaye hakuwa mtu wa mpira, akatafsiri kwamba walikosa nia. Vichwa vya habari vya kesho yake vilisema kocha awashutumu wachezaji kwa uvivu. Tulitumia siku tatu kuirekebisha habari ile, na nahodha wetu hakuwahi kuamini kikamilifu kwamba lilikuwa kosa la tafsiri. Baada ya hapo nilidai kwamba mkalimani ahudhurie mazoezi angalau mara mbili kwa wiki ili azoee msamiati wa benchi la ufundi, na kwamba kila mkutano urekodiwe na sisi wenyewe, ili kukitokea ubishi tuwe na sauti ya asili. Iwapo kocha anataka kujifunza lugha ya wenyeji, na ninawahimiza wote wajifunze, basi aitumie kwanza katika salamu na shukrani, na asiitumie akiwa na ghadhabu. Tarehe 10 Machi 1998, Giovanni Trapattoni, kocha Mwitaliano wa Bayern Munich ya Ujerumani, aliwakemea wachezaji wake kwa Kijerumani chake cha kuungaunga kwa dakika chache, akiwataja kwa majina Mario Basler, Mehmet Scholl na Thomas Strunz. Hoja yake juu ya wachezaji wanaolalamika ilikuwa na mantiki, lakini kinachokumbukwa hadi leo ni makosa yake ya sarufi. Msimu ulipokwisha, aliondoka.

Sasa niseme juu ya waandishi wenyewe, hasa wale wa mji, kwa sababu makocha wengi huwachanganya na wale wanaokuja siku ya mchezo mkubwa peke yake. Mwandishi wa mji yupo kwenye mazoezi siku ya mvua, anajua jina la mtunza vifaa, na hakosi mchezo wa timu ya vijana ambao hakuna kamera inayojishughulisha nao. Anachohitaji ni kidogo kuliko kocha anavyodhani: muda uliotajwa uheshimiwe, swali la kawaida lijibiwe kwa jibu la kawaida, na asiwe wa mwisho kupata habari ya klabu anayoiandikia kila siku. Ukimnyima hayo hatanyamaza, kwa kuwa ana kurasa za kujaza. Atayatafuta kwa wakala wa mchezaji aliyekaa benchi miezi mitatu, na huyo ana simulizi yake. Nilimshawishi kocha wa tatu akae nao mara moja kwa wiki kwa nusu saa, bila kamera na bila kunukuliwa, awaeleze kwa nini anabadilisha mfumo au kwa nini fulani hachezi. Hawakuanza kumsifu. Waliendelea kumkosoa, ila ukosoaji wao ulianza kuhusu soka lenyewe badala ya tabia yake, na huo ndio ukosoaji ambao kocha anaweza kuishi nao.

Sitaki nieleweke kwamba kocha hana haki ya kuumia. Aimé Jacquet, kocha wa timu ya taifa ya Ufaransa, aliandamwa na gazeti la michezo la L'Équipe kwa muda mrefu kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 1998, akabezwa hata alipotaja orodha ya awali ya wachezaji 28. Tarehe 12 Julai Ufaransa iliifunga Brazili 3-0 katika fainali, na katika usiku ambao nchi nzima ilikuwa ikisherehekea, yeye alisema kwamba hatawasamehe kamwe. Mhariri wa gazeti hilo alikiri hadharani kwamba walikosea. Mimi namwelewa Jacquet kabisa. Nimemwona kocha akikunja gazeti haraka ili mwanawe asilisome, na sijui namna ya kumwambia mtu huyo kwamba hiyo ni sehemu ya kazi. Ninachoweza kumshauri ni kwamba asiyasome mwenyewe. Amteue mtu mmoja anayemwamini amweleze kila asubuhi mambo mawili tu: je, kuna uongo unaopaswa kusahihishwa leo, na je, kuna swali litakaloulizwa ambalo anahitaji kuliandalia jibu? Yasiyohusu maswali hayo mawili yasifike mezani kwake. Uongo husahihishwa kwa simu moja kwa mhariri, kwa sauti ya utulivu, na afisa habari ndiye anayepiga simu hiyo.

Kuhusu siku ya kuondoka nina mengi zaidi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea vibaya. Yule kocha wa pili alipofutwa kazi aliniomba nimchapie taarifa yake ya kuaga. Ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa mmoja na nusu uliwahusu waandishi watano aliowataja kwa majina pamoja na tarehe za makala zao. Nilijua haifai. Nilimwonea huruma, nikaichapa, na nikamwandalia chumba. Alisoma kwa dakika 20. Wachezaji, ambao alikuwa bado hajawaaga, walimtazama kupitia simu zao wakiwa mazoezini. Sentensi zake nzuri juu yao zilikuwa kwenye ukurasa wa nne na hazikunukuliwa na gazeti hata moja. Baada ya miaka miwili klabu nyingine ilitaka kumwajiri, na mmoja wa wakurugenzi wake, kama wanavyofanya wakurugenzi wengi, aliwapigia simu waandishi wa mji wetu kuuliza ni mtu wa namna gani. Wawili kati ya waliopigiwa walikuwa miongoni mwa wale watano. Kazi ile hakuipata, na ingawa siwezi kuthibitisha kwamba sababu ni hiyo pekee, bado nahisi kwamba mkono wangu umo.

Louis van Gaal alipoondoka Barcelona mwezi Mei mwaka 2000, baada ya misimu mitatu iliyokuwa na mataji mawili ya ligi, aliwaambia waandishi: "Marafiki wa vyombo vya habari, mimi naondoka, hongereni." Maneno hayo yaliishi kuliko mataji yake. Mwaka 2002 aliajiriwa tena na klabu hiyohiyo, akarudi mbele ya vyombo vilevile vya habari, na ilipofika Januari 2003 alikuwa ameshaondoka tena. Dunia ya soka ni ndogo, na kocha hawezi kujua ni mlango upi atarudi kuubisha.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Kwanza saini hati ya kusitisha mkataba, ukiwa umeisoma na mwanasheria wako, kwa sababu mara nyingi ina kifungu kinachokuzuia kuzungumzia klabu, na neno moja la hasira linaweza kuhatarisha fidia yako. Kisha waage wachezaji ana kwa ana, pamoja na madaktari, wapishi na watunza vifaa. Ndipo taarifa iende kwa waandishi wote kwa wakati mmoja, bila kumpendelea yeyote. Ukiondoka kwa hiari una nafasi zaidi ya kuchagua wakati, kama Jürgen Klopp alivyofanya tarehe 26 Januari 2024 alipotangaza kwamba ataondoka Liverpool mwishoni mwa msimu, akieleza kwa maneno mepesi kwamba nguvu zinamwishia. Kutangaza mapema kuna gharama yake, maana kila kipigo kinachofuata huhusishwa na tangazo hilo, lakini kulimwondolea miezi ya uvumi na maswali yaleyale kila Ijumaa.

Kocha wetu wa nne ndiye aliyeomba mwenyewe kuondoka, na safari hii sikuchapa chochote kabla ya kuzungumza naye kwa kirefu. Tulikubaliana juu ya sentensi tatu: moja ya kuwashukuru wachezaji, moja ya mashabiki, na moja ya kukiri kwamba matokeo hayakufikia lengo. Aliingia katika chumba cha waandishi akazisema bila kutazama karatasi, kisha akazunguka meza akimpa mkono kila mmoja, akiwemo yule aliyeandika wiki mbili kabla kwamba muda wake umekwisha. Dakika 10 hazikutimia. Kesho yake mwandishi huyo alizichapisha sentensi zote tatu, bila kukata neno, juu kabisa ya habari yake.