Popi alikuwa anamaliza ndoo ya maji na mi nikadhani ni joto la Tanga

Nianze na maji maana ndo yalikuwa dalili ya kwanza na mi nikaipuuza. Ilikuwa Februari, watu wa Tanga mnaijua Februari yetu, upepo hakuna, na mbwa wangu Popi akawa anakunywa maji mpaka chombo kinakauka, anaenda kukojoa, anarudi kunywa tena. Nikasema ni jua. Siku mbili mbele akagoma kula, hata vichwa vya samaki ninavyomletea kutoka soko la samaki la Deep Sea akavinusa tu akalala. Tumbo limejaa. Mama akamwangalia akasema mwanangu huyu ana mimba, na hesabu ilikuwa inakubali kabisa, maana kama wiki sita nyuma alikuwa kwenye joto na madume ya Sahare yote yalihamia getini kwetu.

Tukaita mtu akaja nyumbani, akampiga sindano siku tatu mfululizo, hakumpima joto wala kumgusa tumbo, akachukua hela yake. Siku ya nne Popi akaanza kutapika na chini ya mkia ukatoka uchafu wa rangi ya chai ya maziwa, harufu yake siwezi kuisahau. Nikamfunga khanga nikambeba, bajaji mbili zikakataa, ya tatu akakubali baada ya kutandika turubai.

Dokta alimfunua mdomo akaangalia fizi, akampima joto, akamminya tumbo taratibu alafu akanambia dada'angu hii sio mimba, mfuko wa uzazi umejaa usaha. Wenyewe wanaita payometra. Alinieleza hivi, na naomba kila mwenye jike ashike: mbwa akitoka kwenye joto, mwili unaandaa mfuko wa uzazi kama vile ana mimba hata kama hana, ukuta unanenepa na kutoa ute, na bakteria waliopanda wakati mlango wa kizazi uko wazi wanakuta mahali pa kuzaliana. Sumu yao inafanya figo zishindwe kubana maji, ndo ile kiu. Popi alikuwa na bahati kidogo kwasababu uchafu ulikuwa unatoka nje tukauona, kuna ambao mlango unajifunga, hakitoki kitu, unaona tumbo tu mpaka mfuko unapasuka ndani. Paka jike naye inampata.

Akawekewa dripu na antibayotiki kwanza, damu ikapimwa, maana huku pwani kupe ni wengi na magonjwa yao yanakausha damu na kupunguza chembe za kuigandisha, sasa ukimkata mnyama wa hivyo bila kujua anaweza kuvuja mezani. Alafu nusu kaputi, mfuko ukatolewa pamoja na ovari zote mbili. Nilionyeshwa. Mfuko ambao kwa mbwa wa size yake unakuwa mwembamba kama penseli ulikuwa mnene kama mhogo.

Sasa linganisha na paka wetu Tausi niliyempeleka mwezi uliofuata akiwa mzima hana shida yoyote, aliingia asubuhi ndani ya tenga la kuku, jioni amerudi nyumbani. Upasuaji ni ule ule wa kutoa kizazi, ila mmoja nilipeleka mnyama mwenye nguvu na mwingine nilipeleka maiti inayopumua, na gharama ya Popi ilikuwa mara kadhaa ya Tausi.

Kabla hujakubali, uliza nani anakata. Bwana mifugo anatusaidia sana kwenye chanjo na dawa za minyoo, nawaheshimu, lakini kufungua tumbo mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, sheria ipo tangu 2003 na pale chuo kikuu cha SUA Morogoro udaktari huo wanausomea miaka 5. Uliza pia dawa ya maumivu ipo au hamna, mnyama anaumia kama sisi ila hasemi.

Usiku wa kuamkia upasuaji asile, maji aachiwe mpaka asubuhi. Akiwa na chakula tumboni anaweza kutapika akiwa kwenye nusu kaputi na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Ila watoto wadogo wa paka na mbwa usiwashindishe njaa usiku kucha, sukari inashuka, muulize dokta masaa.

Akirudi nyumbani anatetemeka, hata kwa joto letu hili, kwasababu nusu kaputi inashusha joto la mwili. Usimlaze kwenye sakafu ya sementi. Mtandikie gunia hapo chini, khanga juu yake, sio kitandani maana anayumba ataanguka. Kola ya plastiki ya shingoni usiivue kwa huruma, Popi niliivua nikiwa nakunywa chai na nilipogeuka alikuwa ameshang'oa nyuzi mbili. Kama hamna kola, toboa kitako cha ndoo ndogo kichwa kipite, ukaifunge vizuri shingoni. Usipake mafuta ya nazi, chumvi, majivu, usimuogeshe mpaka nyuzi zitoke siku ya 10 hadi 14. Uwekundu kidogo siku za mwanzo sio tatizo, ila kidonda kikivimba zaidi, kikinuka, au fizi zikiwa nyeupe, usisubiri asubuhi.

Na panadol kwa paka HAPANA. Hata kipande kinaweza kumuua, damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Diklofenaki na ibuprofen pia usimpe mbwa wala paka.

Kama una jike na ametoka kwenye joto mwezi huu au uliopita, kesho asubuhi mwekee maji kwenye chombo unachojua ujazo wake, umtenge na wenzie, jioni na asubuhi inayofuata uangalie kimepungua kiasi gani. Mbwa wa kilo 20 akipitisha lita 2 kwa siku nzima, hilo sio jua.